Kitunga Kilichorudi Kitupu

Walimu wenzangu wa Bulengera hapa Butembo, mmenichosha. Tangu nirudi kutoka Beni, kila mapumziko mnanizunguka mkitaka habari, na kila mara kengele inalia nikiwa bado sijatoka hata Kayna. Basi nimekaa chini nimeandika yote, msome kwa zamu, mniache ninywe chai yangu. Habari za karatasi za ruhusa nimeziruka. Mnazijua wenyewe, na nikianza nazo nitakasirika upya.

Kayna

Nilienda Kayna mwanzoni mwa likizo kumchukua mama. Nyumba yake ilikuwa imeporwa mara mbili, na mara ya pili walichukua hata mabati ya jikoni. Huku Butembo sikuwa napata usingizi nikimfikiria anapika kwenye mvua. Nilijiandaa kubembeleza kutwa nzima, kwa sababu mama yangu si mtu wa kuhamishwa. Lakini nilipotamka maneno mawili tu akanikatiza.

"Nitakuja, Masika. Mais kwanza unipeleke Beni. Niko na neno na Mama Zuhura."

Hapo nikajua kwamba kile kitunga bado kilikuwa kinamuuma.

Niwaeleze ninyi mliotoka mikoa ya mbali. Kitunga ni kikapu chetu cha kusuka, cha kubebea mavuno. Mama aliuza puaro tangu sijazaliwa, yale majani marefu ya ukoo wa kitunguu ambayo wazungu waliyaleta milimani kwetu kwa ajili ya supu yao, nasi tukayang'ang'ania. Kila wiki lori la Kasereka, likitoka Kanyabayonga, lilipiga honi mbele ya nyumba yetu, na mama akampa kitunga cha puaro, karoti na vitunguu saumu. Beni kilipokewa na Mama Zuhura, mfanyabiashara wa familia moja ya Kiislamu. Yeye aliuza, kisha akajaza kitunga kilekile vitu vya kwao kwenye joto: manjano, pilipili ndogo zile kali, mchele, chupa ya mawese, na akipita mgeni kutoka Uganda, iliki kidogo kwenye karatasi.

Wanawake hao wawili hawakuwahi kuonana. Yote waliyojua yalipita mdomoni mwa Kasereka: nani amejifungua, nani anaumwa, mtoto gani amefaulu. Ndivyo tulivyosikia kwamba mume wa Mama Zuhura anapenda kitunguu saumu mpaka mkewe analalamikia harufu. Tangu siku hiyo mama akawa anaweka juu ya puaro vichwa vichache vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, matabishi, yaani ya juu isiyolipiwa. Alimwambia Kasereka, "Hii ya baba."

Ah, siku ya kitunga kurudi! Tuliisikia honi kutoka shambani na tukakimbia. Mama alifungua kitambaa taratibu makusudi, ili atutese, na ile harufu ya joto la Beni ikatoka: mawese, pilipili, vumbi la manjano lililoshika kila kitu. Jioni hiyo maharagi yetu yalikuwa ya njano na vidole vyetu vya njano, na kesho yake shuleni mwalimu alijua ni watoto wa nyumba gani. Majirani walikuja na vikopo kuomba kidogo. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na wala sitegemei kukila tena.

Kwetu Wanande chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hata ukiazima sahani unairudisha na ndizi mbili juu yake. Kurudisha kitupu ni kumwambia mwenzako kwamba mmemaliza, na mtu mzima hafanyi hivyo bila kukusudia.

Sasa, vita vilipofika, kitunga cha mwisho kililetwa na mwanaume tusiyemjua. Kasereka alikuwa amekutana na watu wanaokimbia karibu na Lubero, akaacha lori na kukimbilia Uganda, na mpaka leo yuko huko. Yule mwanaume alisema tu, "Hii ya Mama Masika, imetoka Beni," akaenda zake. Kitunga kilikuwa kitupu. Tena kilikuwa kimeoshwa mpaka kikawa cheupe. Mama alikigeuza juu chini, akakung'uta, akakinusa. Hakikuwa na hata chembe ya manjano.

Baada ya hapo barabara ikakatika, Kayna ikawa chini ya wenye bunduki hawa na Beni chini ya wale. Mama alibaki na swali lake miaka yote hiyo. Nilimwambia mara nyingi atume ujumbe kwa fonia, ile redio ya kuongea na watu wa miji ya mbali.

"Neno ya hii namna banaisemaka kwa fonia?" alinijibu. "Batu yote ya foleni banasikiliza?"

Basi asubuhi ya safari alijaza kitunga puaro bora za shamba lake, zikiwa na mizizi na udongo wake, maana bila mizizi hazifiki mbali. Alinieleza mpango huku anafunga. Atakiweka mbele ya Mama Zuhura kikiwa kimejaa, amuulize alimkosea nini, kisha atoke. Hata maji ya nyumba ile hatayanywa. Halafu nikamwona anaweka juu vitunguu saumu kwenye jani la mgomba.

"Na hiyo, mama?"

"Ya baba. Yeye hakunikosea kitu."

Kirumba hadi Lubero

Tulipanda juu ya magunia ya maharagi kwenye lori lililokuwa na dereva mwenye matusi na breki za kubahatisha. Baada ya Kirumba tulinasa kwenye matope. Wanaume wakashuka kuchimba, sisi tukabaki juu, mvua ikitunyeshea bila haraka yoyote.

Karibu nami alikaa Papa Nzuzi, mfanyakazi wa serikali mwenye asili ya mkoa wa Bas-Congo, aliyetumwa Beni zamani na kusahauliwa huko. Mshahara hajauona tangu vita vianze, lakini alikuwa anarudi kwenye bureau yake na tai shingoni. Alianza kutusimulia sombe ya kwao, yale majani ya muhogo, inavyotwangwa na inavyopikwa na mawese, na kwamba huku Kivu tunaiharibu.

"Sombe ni kintu ya ba-ancêtres betu," alisema, yaani mababu. "Muhogo ulitokeaka kwetu."

Mimi na ualimu wangu sikuweza kunyamaza. Nikamwambia muhogo ulivuka bahari na merikebu za Wareno, kutoka upande wa pili wa dunia. Akashika kifua. Mwanamke wa nyuma akauliza na mahindi je? Nikasema nayo pia. Maharagi? Pia. Pilipili?

"Pilipili nayo pia," nikasema, na hapo nikawa nimelikosesha lori zima utulivu.

Walinivamia pande zote. Mzee mmoja aliacha kuchimba, akainua koleo na kuuliza kama mimi ninasema babu yake alikuwa anakula mawe. Papa Nzuzi alitangaza kwamba shule za siku hizi zimekwisha. Nilimtazama mama anitetee.

"Nilikulipiaka masomo," alisema, "donc ni juu ya kunyanganya batu chakula yao?"

Walicheka mpaka gunia moja likaanguka. Nilinuna, siwafichi. Lakini baadaye, lori lilipotoka na sote tukawa na tope mpaka masikioni, Papa Nzuzi alinisogelea na kuniuliza polepole kama hata mawese yalitoka ng'ambo. Nilipomwambia hapana, hayo ni ya kwetu kabisa, alishusha pumzi kama mtu aliyerudishiwa shamba. Alinigawia nusu ya muhogo wake wa kuchemsha, na mimi nikaula bila kutoa maelezo.

Lubero

Lubero ilitupokea kwa baridi yake ya kawaida. Tuliingia mkahawa wa mbao nne uliokuwa na moshi mwingi, na mwenye mkahawa, mwanamke wa rika langu, akatuletea viazi na maharagi. Maharagi yalikuwa ya njano.

Mama aliacha kijiko, akataka kujua inatoka wapi. "Hii manjano unaitosha wapi?"

"Zamani ilitokaka Beni, mama. Sasa banapitishaka na Uganda, iko bei. Lakini bila hii, haiko maharagi. Ni chakula ya bakoko betu ba Lubero."

Mama alinitazama, macho yake yakicheka kwa mara ya kwanza tangu tuondoke. Alimuuliza yule mwanamke jina la mama yake. Alipolisikia akapiga paja. Alimjua mama huyo! Alikuwa mnunuzi wa viazi aliyelala kwetu Kayna mara moja, akaonja maharagi yetu, akaomba manjano kwenye kikopo cha maziwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika kile kikopo.

Nikawaza jambo hilo usiku kucha kwa sababu ya baridi. Kikopo kimoja, na tayari kimekuwa cha mababu! Nilijisikia furaha na uchungu pamoja, kwa sababu barabara iliyokileta ilikuwa imekufa na tulikuwa tunapita juu yake kwa kubahatisha. Asubuhi mama hakutaja tena maharagi yale. Alikagua puaro zake, akazinyunyizia maji, na akaanza tena kukariri chini chini hotuba yake ya Beni. Safari hii niliisikia vizuri: ilianza na "Miye si mutoto, Mama Zuhura," na ilikuwa kali.

Butembo

Hapa mtanicheka. Tulifika mjini mwetu, nyumba yangu ikiwa umbali wa kupanda piki mara moja tu, na mama akakataa kwenda kulala kwangu. Alisema akivua viatu hatavivaa tena. Tulilala kwenye ua wa wenye malori, tukiegemea mizigo ya watu.

Alikubali tu nimtembeze sokoni. Nilitaka afurahi, basi nikampeleka kwenye meza za viungo, zile pakiti ambazo matajiri wetu wanaleta kutoka Dubai, zenye picha ya kuku wa kuoka. Muuzaji alimfungulia moja. Mama alinusa, akapiga chafya tatu na kumrudishia.

"Baba, hii ni vumbi ya barabara."

Yule kijana wa duka alisema wanawake wote wa Butembo wanaipikia. Mama akamjibu kwamba ndiyo maana wanaume wote wa Butembo wanakonda. Nilimvuta mkono tukaondoka. Njiani alisema kwamba manjano ya Mama Zuhura ilikuwa bado na unyevu ilipofika, unaivunja na inatoa maji, na kwamba hajui kama kuna mtu bado anailima. Alisema pia kwamba amemkumbuka. Akakunja uso kana kwamba ni mimi niliyesema.

Kabasha

Kwenye mteremko wa Kabasha, pale barabara inapoanza kushuka kwenye joto, kulikuwa na bariyeri, mti uliolazwa katikati ya barabara. Askari aliyetufikia alikuwa na kandambili na bunduki, na sauti ya mtu aliyechoka na mahali alipo. Alikuwa anaongea Lingala.

"Mama, eza nini na kati?"

Papa Nzuzi akatafsiri kwamba anauliza kuna nini ndani. Mama akafungua. Askari alichomoa puaro moja ndefu, akaigeuza kama anatafuta risasi, akauliza hii inaliwa upande gani. Alikuwa wa mkoa wa Équateur, alisema, na kwao hakuna majani ya namna hii. Mama alimweleza vizuri, kama anamfundisha mkwe: unakata duara, unakaanga na mawese, unatia maharagi. Akampa puaro mbili. Nikafikiri tumepita.

Halafu mkono wa askari ukaenda kwenye jani la mgomba.

"Hiyo hapana," mama akasema.

Papa Nzuzi alianza kukohoa. Nilimkanyaga mama mguu kwa nguvu zangu zote, naye akauondoa.

"Twala puaro, twala hata zote. Hii ni ya mutu."

"Ya mutu gani?" askari aliuliza, safari hii kwa Kiswahili.

"Ya bwana ya rafiki yangu."

Nililisikia neno hilo, rafiki, na nadhani hata mama mwenyewe alilisikia. Askari alimtazama muda mrefu. Nilikuwa naomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Mwishowe askari akacheka, akamwambia Papa Nzuzi kitu kwa Lingala, akainua mti wa bariyeri. Papa Nzuzi alitutafsiria tulipokwisha kupata pumzi: "Amesema, hata mama yake ya Mbandaka iko na kichwa nguvu hivyohivyo." Nilimgombeza mama mpaka chini ya mlima. Alijibu kwamba mume wa Mama Zuhura amesubiri kitunguu chake miaka yote ya vita, na yeye hawezi kufika mikono mitupu kwa ajili ya askari mmoja.

Beni

Beni ilikuwa na joto lake na vumbi lake jekundu, na kila mtu tuliyemuuliza alimjua Mama Zuhura. Tulielekezwa mtaa wa nyuma ya msikiti.

Kabla hatujafika tulipita ua wenye harusi. Wanawake walikuwa wamekaa kuzunguka sufuria kubwa za pilau, wakikatakata viungo, na mmoja wao alikuwa anakata puaro. Mama alisimama. Zilikuwa nyembamba kama penseli.

"Mama, hii munaitosha wapi?"

"Kwa bustani," yule mwanamke akasema, akanyoosha kisu kwenye matuta kando ya ukuta. "Barabara ilikufaka, puaro ya Kayna haifikake tena. Mama Zuhura alitufundisha tukatake mizizi, tupande. Pilau ya huku haiko pilau bila hii."

Mama aliinama akashika jani moja la tuta. Zilikuwa zimekonda na jua, lakini zilikuwa zake, kutoka mizizi aliyoiacha na udongo wake. Nilimuuliza kama tuendelee. Akasema ndiyo, lakini hotuba sikuisikia tena.

Mama Zuhura nilimwaza mnene mwenye sauti. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mkavu, amevaa kitenge kilichopauka, anachambua mchele barazani. Mama alisema jina lake. Yule mwanamke aliweka ungo chini, akainuka, na hakutabasamu.

"Karibuni," alisema, kisha akamwita binti yake ndani. "Zuhura, leta maji."

"Hatutakunywa," mama akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Wakasimama wanatazamana, kila mmoja akimpima mwenzake aliyemjua kwa mboga tu. Mama akaweka kitunga chini, akafungua kitambaa. Na badala ya yale maneno yote aliyokuja nayo kutoka Kayna, akatoa lile jani la mgomba.

"Kwanza hii," alisema. "Ya baba. Ajue na yeye hatuko na neno. Yetu tutasema nyuma."

Mama Zuhura hakunyoosha mkono. Alitazama lile jani, kisha akamtazama mama, na uso wake ukabadilika polepole.

"Baba ya Zuhura alikufaka," alisema. "Alikufaka mwanzo wa vita. Si nilikutumia habari?"

"Habari gani?"

"Kitunga! Nilikuwa ndani ya eda, hapana kutoka. Na nyumba ya kilio haitoshake chakula, batu njo banaileteyaka. Ningekutia nini mule? Nikaosha kitunga vizuri, juu ni kintu ya mutu, haiwezi kukaa kwa nyumba ya kufa. Nikamwambia Kasereka: umupe, umuambie bwana yangu hayuko tena." Alikamata ukingo wa baraza. "Nilingoja unipe pole. Kila lori nilituma mutu aulize. Nikasema, Wanande ba mulima, roho yao ni ya baridi sawa mulima yao."

Nilimwona mama anahesabu yote kichwani: Kasereka amekimbia, mgeni hana maneno, kitunga cheupe. Kwetu pia nyumba yenye msiba haipeleki chakula popote. Alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote. Hakulifikiria hata mara moja.

Mimi nikanywa yale maji yaliyoletwa, glasi zote mbili. Mama aliketi pale chini, miguu mbele, jani la mgomba mapajani, akaanza kulia kwa sauti kama tunavyolia Kayna, akimwita mume wa watu ambaye hakuwahi kumwona hata kwa picha, akimtajia vitunguu vyake vyote. Wanawake wa harusi walikuja mlangoni na visu mikononi kuuliza nani amekufa. Alijaribu kusema pole na ikamshinda, akajaribu tena, akasema amechelewa, amechelewa sana, asamehewe.

Mama Zuhura aliwafukuza wale wanawake warudi kwenye sufuria zao. Kisha akatandika mkeka, akakaa karibu na mama bega kwa bega, akamshika mkono.

"Lia, dada yangu," alisema. "Miye nililiaka yangu yote, nikamaliza. Leo nitakusaidia yako."